Plastiki Ihesabiwe Bandarini, Tena kwa Aina Yake

Pita kwenye maduka ya vyombo ya Mlandege, mjini Zanzibar, siku za kukaribia Ramadhani, utakuta bidhaa zimetoka ndani hadi njiani. Ndoo zimepachikwa moja ndani ya nyingine, mabeseni yananing'inia kwenye kamba, viti vimepandanishwa hadi usawa wa bati la kibaraza, mikeka imekunjwa na kusimamishwa ukutani. Kuna sahani za melamini zenye maua, majagi, makopo ya kuwekea mchele, malapa ya watoto yaliyorundikwa ndani ya polo. Duka la jirani linauza mabomba ya maji na siling bodi, la tatu linauza maji ya kunywa kwa katoni. Mnunuzi akiulizwa amebeba nini atajibu kwamba amenunua plastiki, na kwa matumizi ya nyumbani jibu hilo linatosha. Kwa kisiwa ambacho kila kinachotupwa lazima kizikwe, kichomwe au kivushwe bahari, halitoshi hata kidogo. Mtaa huo mmoja una plastiki za aina nyingi mno, zinazoyeyuka kwa joto tofauti, zinazozeeka kwa njia tofauti, na nyingi kati yao haziungani zikiyeyushwa pamoja.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifuata mwaka 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tuliwatangulia majirani zetu kwa zaidi ya miaka kumi, na ni haki yetu kujivunia. Lakini sheria ile ililenga umbo moja, mfuko wa kubebea, na tangu hapo mjadala wetu wote umekuwa wa maumbo: leo mfuko, kesho chupa, kesho kutwa mrija wa madafu hotelini. Ninachosema hapa ni kwamba kisiwa hakitashinda taka za plastiki kwa kufukuza maumbo. Lazima tujue aina, na mahali pa kuzijua ni bandarini, kabla mzigo haujafika Mlandege.

Ukigeuza ndoo au chupa, mara nyingi utaona kitakoni pembetatu ndogo yenye namba, kuanzia 1 hadi 7. Alama hiyo ilibuniwa mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki cha Marekani, ili wachambuzi wa taka wajue kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani. Kwa kuwa ilichorwa kwa mishale inayozunguka, dunia nzima iliamini kwamba kitu chenye alama ile kinarejelezeka. Sivyo. Mwaka 2013 mishale iliondolewa kwenye kiwango rasmi na ikawekwa pembetatu isiyo na mishale, lakini viwanda vingi vinaendelea na alama ya zamani, na bidhaa nyingi za bei rahisi hazina alama yoyote. Namba inataja malighafi tu. Kama kitu kitarejelezwa au la, hilo linategemea kama kuna mtu karibu mwenye mashine, soko na nauli ya kukifikisha huko.

Namba 1, ambayo mafundi huiita PET, ndiyo chupa ya maji na ya soda. Ni angavu, nyepesi, ngumu kuvunjika, na inaizuia gesi ya soda isitoroke, jambo ambalo plastiki nyingi nyingine haziliwezi. Mhandisi Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont alipata hataza ya chupa yake mwaka 1973, na kwa hiyo wazee wetu walio hai wanaikumbuka dunia isiyokuwa nayo. Haivumilii moto: mimina chai inayochemka ndani ya chupa ya maji uone inavyojikunja, kwa sababu huanza kulegea kwenye nyuzi 70 au 80 tu. Kuiyeyusha kabisa kunahitaji nyuzi 250 na zaidi. Tena ni nzito kuliko maji. Kipande chake kikikatwa na kutiwa ndani ya ndoo kitazama, na kizibo cha chupa ileile kitaelea, kwa kuwa kizibo ni plastiki ya aina nyingine. Viwanda vinategemea jambo hilohilo: chupa husagwa pamoja na vizibo vyake, vikatiwa ndani ya tangi la maji, kilichozama kikaenda huku na kilichoelea kikaenda kule.

PET ndiyo plastiki inayookotwa kuliko zote Unguja. Kina mama na vijana huzikusanya chupa zake mitaani, ufukweni na nyuma ya hoteli, zikabanwa kwenye marobota na kuvushwa Dar es Salaam, kwa kuwa viwanda vya kuzisaga na wanunuzi wakubwa wako huko. Hawa ndio wafanyakazi wa mazingira tulio nao, wengi hawana glavu wala bima, na malipo yao hupanda na kushuka kwa bei ya soko ambalo hawalijui. Rangi peke yake inatosha kuwaharibia siku: chupa nyeupe angavu ina mnunuzi, ya kijani au ya buluu iliyokolea hupata bei ya chini au hukataliwa, maana rangi haitoki. Sprite, kwa mfano, iliiacha chupa yake ya kijani Marekani mwaka 2022 kwa sababu hiyo, baada ya kuwa nayo kwa zaidi ya miaka sitini. Kiwanda cha maji kinachochagua rangi ya chupa kinachagua pia kama mama wa mtaa wa Amani au Kwahani atalipwa kwa kuiokota.

Kuna adui mwingine wa chupa hizi ambaye hatajwi sana. Ile karatasi nyembamba ya plastiki iliyobana shingo ya chupa, ambayo mnywaji huichana na kuitupa palepale, kwa kawaida ni PVC, namba 3. Ikichanganyika na PET kiwandani, hata kidogo sana, huungua kabla PET haijayeyuka, ikatoa tindikali na kuacha madoa meusi kwenye mzigo mzima. Tanzania Bara iliziandika upya kanuni zake za plastiki mwaka 2022 na kuzipiga marufuku karatasi hizo. Kanuni ile haikuishia kwenye mfuko wala kwenye chupa. Iliingia ndani ya kifungashio na kutoa sehemu moja isiyo na kazi. Njia hiyo ndiyo ninayoililia.

Sasa tuje kwenye plastiki ninayoithamini kuliko zote, dumu. Dumu la lita 20 linaloletwa na mafuta ya kula ni namba 2, polietilini nzito. Polietilini yenyewe iligunduliwa kwa bahati tarehe 27 Machi 1933, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI ya Uingereza walipoikuta kama nta nyeupe ndani ya chombo cha kujaribia. Ile ya kwanza ilikuwa laini. Miaka ishirini baadaye Mjerumani Karl Ziegler akapata njia ya kuitengeneza ngumu. Malighafi ni ileile, kinachotofautiana ni jinsi minyororo yake inavyokaa. Fikiria mizigo miwili ya kuni: mmoja wa fito zilizonyooka, mwingine wa matawi yenye vijiti kila upande. Fito hulala zikashikana, mzigo ukawa mgumu na mzito. Matawi huachiana nafasi, mzigo ukawa mwepesi na unaobonyea. Fito ni dumu, matawi ni namba 4, mfuko laini uliopigwa marufuku na vile vifuko tunavyouziana ubuyu na barafu.

Katika mitaa ya Ng'ambo, hapa mjini, hakuna anayetupa dumu. Mafuta yakiisha linachotewa maji, na katika mitaa ambayo maji ya bomba hutoka kwa zamu, idadi ya madumu ndiyo akiba ya nyumba. Likizeeka linawekewa mafuta ya taa au chokaa. Likitoboka hukatwa, nusu ikawa ya kuoteshea mche wa mchaichai, nusu ikawa upo wa kutolea maji ngalawani, au huzibwa likawa boya. Likishindwa na kazi zote hizo bado lina mnunuzi, kwa kuwa huyeyuka kwa nyuzi 130 hivi, halitoi tindikali, na linakubali kufinyangwa upya bila mashine ya gharama kubwa. Kama plastiki zote zingekuwa hivi, makala hii isingekuwa na haja ya kuandikwa.

Ushahidi kwamba plastiki ya namna hiyo hufinyangika upya ulikuja kwetu kwa tanga. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na mjenzi wa majahazi Ali Skanda, waliunda chombo cha urefu wa mita 9 kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakakivisha malapa yapatayo 30,000 ya rangi zote, wakakipa jina Flipflopi. Kilizinduliwa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 hivi kutoka Lamu hadi Unguja. Watu walipiga picha za rangi zake, na ni haki yao. Kwangu mimi kilichokuwa na maana ni mbao. Mafundi wale walizipata kwa kuyeyusha na kufinyanga, halafu wakazichonga na kuzipiga misumari kwa ustadi uleule walioupata kwa babu zao kwenye miti. Huwezi kufanya hivyo kwa taka zilizozolewa tu na kutiwa sufuria moja. Plastiki zisizoelewana zikiyeyushwa pamoja huganda kwa matabaka, na ubao wake hupasuka msumari unapoingia. Kwanza kulikuwa na uchambuzi, tena wa mikono.

Malapa yenyewe yalibandikwa juu tu, na kuna sababu. Mengi ni povu ambalo minyororo yake imefungwa kwa kemikali ili lisibonyee moja kwa moja, na kitu kilichofungwa hivyo hakiyeyuki tena vizuri. Kampuni ya Ocean Sole ya Kenya huyaunganisha kwa gundi na kuyachonga twiga na tembo wa kuwauzia watalii, na hiyo ni kazi njema ya sanaa, lakini lapa halitazaliwa upya kuwa lapa.

Viti vya harusi na khitma ni namba 5, polipropilini. Aina hii huvumilia joto kuliko polietilini, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na ndiyo sababu vibakuli vya kuwekea chakula cha moto hutengenezwa kwayo. Mapolo ya mchele ni polipropilini iliyokatwa utepe na kufumwa. Mikeka ya rangi inayouzwa Mlandege vilevile. Mikeka hii imeuondoa sokoni mkeka wa ukili kwa bei na kwa wepesi wa kuosha, na mwanamke aliyekuwa akisuka miezi mizima hawezi kushindana na mashine. Tusijifanye kwamba plastiki iligharimu mazingira peke yake. Udhaifu wa polipropilini ni jua. Kila mtu amekaa kwenye kiti kilichopauka kikaacha unga mweupe kwenye nguo, na wengi wameona mguu wake ukipasuka shereheni. Mionzi inakata minyororo yake. Kiti kilichofika hapo hakina tena nguvu ya kufinyangwa kuwa kiti, na unga ule unaingia kwenye udongo na kufuata mvua hadi baharini. Kununua kiti kisichotiwa dawa ya kukikinga na jua, katika nchi yenye jua kama letu, ni kununua taka iliyochelewa miaka miwili mitatu.

Polipropilini ndiyo pia iliyotuponyoka kwenye marufuku ya mifuko. Mifuko mbadala tunayopewa madukani, ile inayoonekana kama kitambaa, ukiisogeza karibu utaona vijitundu vilivyogandishwa kwa joto. Ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja. Kenya iliushtukia mchezo huo mapema, na Mamlaka yake ya Mazingira ilitangaza kuipiga marufuku. Tanzania Bara ilichagua kuweka kiwango cha uzito, gramu 70 kwa mita ya mraba, ili mfuko udumu na urudiwe. Mifuko myepesi kuliko hiyo huchanika safari ya tatu ya sokoni, ikachambuka nyuzi nyuzi, na nyuzi zile ni ngumu kuokota kuliko mfuko mzima wa zamani. Marufuku iliyotaja mfuko ikaacha kutaja malighafi ilituletea mfuko mwingine wa malighafi nyingine.

PVC nimeshaitaja, na inahitaji maneno makali zaidi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Kwa bomba la maji lililofukiwa ardhini hilo ni neema: halishiki kutu, haliozi, linaweza kudumu miongo kadhaa. Siling bodi nayo sina ugomvi nayo. Ugomvi ni PVC ya maisha mafupi, kama vile vitambaa vya meza, mapazia ya bafuni na vitu vya watoto vya kuchezea vinavyonuka ukivifungua, ambavyo hulainishwa kwa kemikali zinazotoka kidogo kidogo. Vikichakaa huishia kwenye moto wa uani. Polietilini ikiungua hutoa moshi na masizi, nayo si heri; PVC ikiungua hutoa gesi ya tindikali na sumu za dioksini, ambazo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Katika nyumba zetu nyingi bado kuna desturi ya kuwashia seredani kwa kipande cha plastiki chochote kilicho karibu. Anayeiinamia seredani ni mama, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Bibi zangu na shangazi zangu mnaosoma, tumieni kumbi la nazi, na kama hamna, karatasi. Kipande cha kitambaa cha meza kisiguse jiko linalopikiwa uji wa mtoto.

Namba 6, polistirini, inatufikia zaidi kwa visanduku vyeupe vya chipsi. Zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wa povu lake ni hewa. Mwokotaji akijaza polo zima atapata uzito ambao haulipii hata daladala, kwa hiyo haviokotwi, vikavunjika punje punje na kuingia mtaroni. Hakuna sababu yoyote ya kisiwa chetu kuviingiza visanduku hivi, na sioni cha kujadili.

Halafu kuna namba 7, kapu la vingine vyote: madumu makubwa ya maji ya maofisini, pakiti za biskuti zenye matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandishwa pamoja, na mengine mengi. Sahani ya melamini haina hata haki ya namba. Ikishafinyangwa haiyeyuki tena kwa joto lolote, itaungua tu. Ni imara na nzuri mezani, lakini isiwekwe ndani ya maikrowevu wala isikaangiwe, na ikivunjika njia yake ni moja, Kibele.

Kibele, katika Wilaya ya Kati, ndiko taka za mjini zinakopelekwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773 Zanzibar nzima, na mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya laki saba, wengi wao wakishauriwa na hoteli zao wasinywe maji ya bomba. Ardhi ya Unguja haiongezeki. Chini ya sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yenye mapango na nyufa, na maji tunayokunywa yanatoka humohumo. Wanaosema tuchimbe jaa jingine wakumbuke hilo kwanza.

Tukifika pwani ya mashariki jambo linakuwa wazi zaidi. Wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Bwejuu, wengi wao wanawake, hufunga kila kishada kwenye kamba kwa taitai, vipande vya uzi mwembamba wa plastiki. Shamba moja lina vifungo kwa maelfu. Wakati wa kuvuna baadhi hukatwa na kubaki majini, na uzi unaokatwa leo utaonekana kwenye mchanga kwa miaka. Wanawake hawa walianza kilimo hiki mwishoni mwa miaka ya 1980 na kamba waliletewa. Hakuna aliyewauliza wanataka uzi wa aina gani. Ipo nailoni inayozama na ipo polipropilini inayoelea, upo uzi unaorudiwa misimu mingi na upo unaokatika kwa msimu mmoja. Anayenunua mwani wao kwa kuusafirisha nje ana wajibu wa kuwapa uzi unaodumu na kuupokea ukichakaa. Jambo hili lingeweza kuandikwa kwenye mkataba wa ununuzi kesho asubuhi.

Ninarudi kwenye hoja yangu ya bandari. Kila kinachouzwa Mlandege kimepita mlango wa bahari. Sisi hatuna kiwanda cha malighafi ya plastiki. Hata chupa za maji zinazojazwa hapa zilianza kama vichupa vinene vilivyokuja ndani ya kontena, vikapashwa moto na kupulizwa kwa hewa yenye shinikizo. Nchi kubwa yenye mipaka ya nchi kavu inaweza kusema haiwezi kujua kinachoingia. Kisiwa hakina udhuru huo. Naijua hoja kwamba mizigo mingine huja kwa boti na majahazi kutoka Dar na Tanga, na mingine hushushwa Mkokotoni bila makaratasi ya kutosha. Ni kweli, lakini ukikihesabu kinachopita bandari ya Malindi umekwishahesabu sehemu kubwa.

Tena kazi imeshaanza, hatujaitumia. Orodha ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, inayofuata mfumo wa dunia, ina Sura ya 39 kwa ajili ya plastiki. Humo mfuko wa polietilini una namba 3923.21 na mfuko wa plastiki nyingine una 3923.29. Mabomba yana namba yao, chupa zina yao, malighafi ghafi zimegawanywa aina kwa aina. Pengo liko kwenye vyombo vya nyumbani: ndoo, bakuli na sahani vyote huingia chini ya 3924 bila kutajwa vimetengenezwa kwa nini. Hapo ndipo mzigo wa Mlandege unapojificha.

Forodha ni jambo la Muungano na inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, lakini mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Taasisi yake ya Viwango, ZBS, inayokagua bidhaa zinazoingia, pamoja na mamlaka yake ya mazingira, ZEMA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015. Taasisi hizi mbili zinaweza kuamua kwamba bidhaa ya plastiki isiyo na alama ya malighafi haiingii. Zinaweza kuamua kwamba povu la polistirini la chakula na PVC ya kufungashia haziingii kabisa, dumu na ndoo ya polietilini ziingie kwa wepesi, na chupa ya PET iingie ikiwa haina rangi na ikiwa mwagizaji ametoa amana.

Amana si jambo geni. Tuliokua na soda za chupa za kioo tunajua kwamba hukupewa soda ya kwenda nayo nyumbani bila kupeleka chupa tupu au kuacha pesa yake. Watoto walizunguka mitaani kutafuta chupa, na hukuona chupa ya soda imelala mtaroni. Ujerumani ilianza mwaka 2003 kutoza amana kwenye chupa za vinywaji za kutumika mara moja, sasa senti 25 za yuro, na karibu zote hurudi. Kwa Unguja amana ingemlipa mwokotaji kiwango kinachojulikana, kisichotegemea bei ya soko la Dar wala la nje. Na ingelipwa zaidi na anayekunywa maji mengi ya chupa, yaani hoteli.

Wafanyabiashara watasema bei zitapanda. Baadhi zitapanda, na siwezi kumwambia mtu wa Mlandege anayeishi kwa faida ya shilingi mia mbili kwenye beseni kwamba hilo ni dogo. Ndiyo maana nasisitiza aina. Marufuku ya jumla humuumiza yeye na mteja wake. Marufuku ya aina mbili tatu zisizo na mnunuzi wala mwisho mwema, pamoja na wepesi kwa zile zinazorudi, humwachia ndoo zake, madumu yake, viti vyake vilivyo imara na mabomba yake. Kitakachomtoka ni visanduku vya povu, vitambaa vya meza vya PVC na mifuko dhaifu, ambavyo havikumpa faida ya maana.

Wengine watasema tusubiri mkataba wa dunia. Mataifa yalikubaliana Nairobi tarehe 2 Machi 2022 kwamba mkataba wa plastiki utaandikwa. Yakakutana Busan mwishoni mwa mwaka 2024, yakaachana bila makubaliano. Yakakutana Geneva Agosti 2025, yakaachana tena. Wakati huo taka hazikusubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizotokea duniani hadi mwaka 2015, takriban asilimia 9 tu zilikuwa zimerejelezwa, asilimia 12 zilichomwa, na zilizobaki zilizikwa au zilitawanyika. Nchi zenye viwanda vingi vya kurejeleza zimo ndani ya hesabu hiyo.

Ninachowaomba Wawakilishi wetu ni kitu cha karatasi moja. Kwenye fomu ya kila shehena ya vyombo vya plastiki inayoshuka Zanzibar iongezwe safu ya malighafi na uzito wake, na jumla zake zitangazwe kila baada ya miezi mitatu kama zinavyotangazwa takwimu za watalii: tani ngapi za PET, ngapi za polietilini, ngapi za PVC, nani kaziingiza. Mwenye kutaka kujenga kiwanda cha kuyeyushia madumu atajua kama kuna mzigo wa kumtosha. Manispaa itajua ni nini kinachoelekea Kibele miaka mitatu kabla hakijafika. Skuli zitakuwa na hesabu ya kweli ya kufundishia. Na mwagizaji atakapoitwa kuchangia gharama za kuzoa, hakutakuwa na ubishi wa kiasi alicholeta, kwa sababu saini yake itakuwa pale chini ya safu.